Siku Wakaguzi Walipoiposa Idara ya Ukunga

Idara ya ukunga ya chuo kidogo kilichoko Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, ilikuwa imebakiza muhula mmoja wa uhai, na Adélaïde, mkuu wake, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Idhini ya kuandikisha wanafunzi wapya ilikuwa imekwisha. Uandikishaji ulikuwa unafunguliwa Oktoba. Tathmini iliyotangulia, iliyofanywa na jopo jingine, jibu lake lilichelewa hata wasichana waliokuwa wakilingojea waandikishwe wakachoka: wengine waliolewa, wengine walihamia kwingine, na mmoja alifungua saluni inayofanya vizuri hadi leo. Safari hii, jibu lisipofika kabla ya Oktoba, hakungekuwa na darasa la mwaka wa kwanza. Na Rekta, mkuu wa chuo chote, alikwishamwambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba bila darasa hilo chumba cha mazoezi ya uzazi kingegeuzwa kuwa chumba cha kompyuta.

Kwa hiyo Adélaïde alijiandaa. Alikuwa mtu wa kupanga mambo moja baada ya jingine, asiyependa kuharakisha hukumu. Alipanga upya vitabu, akafua makoti meupe, akawakumbusha walimu kwamba mgeni akiuliza swali si lazima wote wajibu pamoja.

Wageni walikuwa watatu, wametumwa na mtandao wa vyuo vidogo vya kanda ya Maziwa Makuu. Uthmani alitoka Kigoma, Tanzania. Bahizire alitoka Bukavu, Kongo. Wa tatu, Hugues, alikuwa Mrundi wa Gitega, aliyewekwa ili nchi mwenyeji nayo iwe na mtu. Uthmani hakujua Kifaransa, Kiingereza kilimshinda Bahizire, na Hugues alisema lugha zote kwa sauti ndogo. Ikaamuliwa kwamba ukaguzi ungefanywa kwa Kiswahili.

Hapo ndipo Rekta Astère alipoingiwa na hofu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwema, lakini mbele ya wageni sauti ilimkauka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya. Akamwendea Népomuscène wa mtaa wa Bwiza, mjomba wa mkewe, amwombe akisemee chuo.

Katika kata zote za kaskazini hapakuwa na familia isiyomjua Népomuscène. Kila Jumamosi alivaa suti yake ya rangi ya bilinganya akaenda kusema katika sherehe za posa, mara upande wa binti, mara upande wa kijana. Alikuwa na Kirundi cha kifalme, Kifaransa cha padri, na Kiswahili cha Bwiza kisichokwama popote. Alipoletwa chuoni, Adélaïde alimwuliza kwa heshima kama ameielewa kazi yenyewe.

“Mwanangu,” Népomuscène alisema, “wageni wanakuja. Wanataka kuona kitu ya kwenu. Nyinyi munataka waikubali, lakini hamutaki kuonekana munawabembeleza. Hiyo kazi naifanya kila Jumamosi. We unaona tofauti iko wapi?”

Adélaïde alitafuta tofauti. Aliitafuta kwa uaminifu, na kwa wakati ule hakuiona.

Mtu wa Bujumbura hahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali, mambo ya posa huenda hivi. Wageni hufika na kusema wanatafuta binti. Msemaji wa upande wa binti hasemi yupo. Husema hakuna binti hapa. Akibanwa, husema yupo mmoja, lakini ni mvivu na hata maji hajui kuchemsha. Akibanwa zaidi, humtoa msichana mwingine kabisa, nao wageni humsifu na kusema si huyu. Ni mpaka vinywaji walivyobeba wageni vipokelewe ndipo binti mwenyewe hutoka, na aliyekuwa hajui kuchemsha maji hugeuka nuru ya ukoo. Hakuna anayeuita uongo. Anayekubali upesi ndiye anayetiliwa shaka.

Asubuhi ya siku yenyewe Adélaïde aliingia ukumbini akakuta viti vimepangwa pande mbili, vikitazamana, na njia pana katikati. Akajiambia labda ni kwa ajili ya hewa.

Uthmani alifungua kikao. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kompyuta ndogo magotini. Alishukuru, akataja kanuni zinazoliongoza jopo, akasema wamekuja kuiona idara ya ukunga.

Népomuscène alisimama, akakohoa, akafunga kifungo cha koti.

“Karibuni sana, wageni wetu. Mumesema idara ya ukunga. Pengine mumepotea njia. Hapa hakuna idara ya ukunga.”

Rekta, ambaye alikuwa amewaoza dada zake wanne, aliitikia kwa kichwa akitabasamu kama baba wa binti. Uthmani aliitazama barua ya mwaliko, akaitazama tena, akaanza kuchapa.

Mambo yangeweza kurekebishwa hapo hapo kama si Hugues. Hugues alikuwa mkaguzi mzoefu, lakini kabla ya hapo alikuwa Mrundi, na akiambiwa “hapa hakuna” alijua la kufanya tangu utotoni. Alijikuta amesimama.

“Mzee, hatukupotea,” alisema, na sauti yake haikuwa ndogo tena. “Tulikuwa tunapita na safari zetu. Tukaona mwangaza unatoka kwenye nyumba hii, tukasema, hapo ndani kuna kitu.”

Uso wa Népomuscène ukachanua. Alikuwa amempata mwenzake. Alijibu kwamba huo mwangaza ni wa jirani. Hugues akasema jirani walishapita kwake, akawaelekeza huku. Uthmani aliinama kwa Bahizire akamwuliza kama wanazungumzia tatizo la umeme. Bahizire, ambaye kwao Bukavu posa haina maneno machache kuliko hayo, alisema hapana, akaegemea kiti chake ili asikie vizuri.

Adélaïde alimtazama Rekta, lakini Rekta alikuwa anapiga makofi.

Baada ya hapo ikawa ni kuteremka tu. Uthmani aliomba kuiona maktaba. Népomuscène alisema katika nyumba hii maktaba haijawahi kuingia, kuna kichumba tu chenye vitabu viwili vitatu vilivyochoka, na panya wenyewe wamevikataa. Uthmani aliuliza sifa za walimu. Népomuscène alisikitika, akasema walimu wapo, ndiyo, ila mkubwa wao juzi alishindwa kufungua mlango kwa kusukuma badala ya kuvuta. Mwalimu aliyesemwa, aliyekaa mstari wa mbele, alicheka kwa furaha ya kutajwa. Uthmani alichapa vyote. Alichapa kwa vidole vyote kumi, na hilo ndilo lililomtisha Adélaïde zaidi.

Kisha akaomba kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Népomuscène alitoka, akarudi amemshika mkono Asiya, mama wa makamo anayeuza chai na sambusa katika kantini. Alikuwa amevalishwa koti jeupe lisilofungika mbele. “Labda ni huyu mulikuja kutafuta,” Népomuscène alisema.

Kwa desturi, hapo wageni husema: huyu ni mzuri, Mungu ambariki, lakini si wetu. Hugues alifungua mdomo aseme hivyo. Uthmani alimtangulia. Alimsalimu Asiya kwa adabu, akamwuliza: mama amejifungua salama, dakika chache baadaye anatokwa na damu nyingi kupita kiasi. Utafanya nini kwanza?

Asiya alifikiri. Alikuwa ameambiwa asimame tu na atabasamu, lakini aliona si vizuri kumwacha mgeni bila jibu.

“Mi nitamupa chai,” alisema. Alipoona mgeni bado anangoja, akaongeza, “Ya tangawizi.”

Vidole vikaenda.

Wakati wa chakula Adélaïde aliketi na wageni, akangoja Uthmani amalize samaki wake wa mukeke, kwa kuwa hakutaka kumkatisha mtu miiba ikiwa mdomoni. Kisha akaeleza yote, taratibu: posa, msemaji, desturi ya kukataa, Asiya wa kantini.

Uthmani alimsikiliza bila kumkatisha. Akasema hata kwao posa ina maneno yake, wala hakuwa amechukia. Lakini aliyesema hakuna maktaba ndiye aliyetambulishwa kwake kuwa msemaji rasmi wa chuo. Yeye hana mamlaka ya kufuta neno lililotamkwa mbele ya jopo. “Aliyelitamka anaweza kulirekebisha,” alisema. “Mimi siwezi. Kwetu, dada yangu, chuo kinaomba ruhusa serikalini kabla hakijanunua hata kiti. Vyuo vyetu vya mwanzo serikali ndiyo iliyovizaa, kwa hiyo ndiyo inayouliza, na ukiulizwa unajibu. Tukianza kubagua lipi ulilisema kwa dhati na lipi kwa mzaha, hatutamaliza.”

Bahizire alikuwa na maoni yake. Alisema yeye amekagua vyuo vingi, na vyote humwambia kwamba ni vya kwanza Afrika.

“Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia chuo inajisema haina kitu,” alisema. “Hiyo ni kujitathmini ya kweli. Mi nawapa alama zote.”

Adélaïde alimwambia kwa upole kwamba hata hizo alama si za haki, kwa kuwa maktaba ipo. Bahizire alisema hilo halimsumbui. Kwao Kivu, vyuo vingi vilianzishwa na wazazi na mapadri, wakichangishana. Serikali iko Kinshasa, na kufika kwake ni safari. Barua ya ukaguzi ikifika, wanafunzi iliyowahusu wamekwisha kupata wajukuu. Kwa hiyo wamezoea kumwuliza mwenye nyumba ajichunguze mwenyewe, kisha wenzake waje kuona kama amejichunguza kweli. Uthmani alisema hiyo ni hatari, mwenye nyumba atajisifu. Bahizire akamjibu kwamba wa leo hakujisifu.

Hugues alikuwa anazungusha kijiko, uso umemshuka kidogo kwa aibu ya asubuhi. Alisema yeye hawezi kutoa alama yoyote kuhusu walimu, kwa kuwa wawili kati yao ni binamu za mkewe na wa tatu alisimamia ubatizo wa mwanawe. “Sisi nchi yetu ni ndogo,” alisema. “Kila nikitumwa kukagua mutu, nakuta ni shemeji. Ndiyo maana tunapenda mugeni ndiye ahukumu. Mugeni hana shemeji hapa.”

Adélaïde aliwatazama wote watatu, na jambo likaanza kumkalia sawa kichwani. Kwa miaka alikuwa akisoma miongozo ya ubora ya nchi hii na ile, akishangaa kwa nini watu wenye akili, wanaotaka kitu kimoja, hawafanani hata kidogo. Sasa aliona kila mmoja anachunga pale ambapo kwao pamewahi kuuma: mmoja anaogopa wajanja, mwingine anaogopa serikali isiyofika, mwingine anaogopa ndugu. Hapakuwa na mjinga mezani. Lakini jibu la kabla ya Oktoba nalo halikuwepo mezani, na hilo ndilo lililompasa kulishughulikia.

Akamfuata Népomuscène uani, akamwomba arekebishe maneno yake mbele ya jopo.

Népomuscène alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza ombi la mtoto. Alisema kurekebisha si tatizo. Yeye mwenyewe ana hamu ya kufika kwenye sifa, sifa ndizo anazozipenda. Ila vinywaji havijafika.

“Nitamutoaje binti kabla ya vinywaji?” alisema. “Itakuwa nimemutupa njiani.”

Adélaïde alipendekeza chuo kinunue kreti mbili za fanta. Népomuscène alishtuka hata akashika ukuta. Upande wa binti kujinunulia vinywaji? Watu watasema binti ana kilema.

Akarudi kwa Uthmani. Uthmani alisema mkaguzi haruhusiwi kupokea hata soda kutoka kwa chuo anachokikagua. Je, kutoa? Alifikiri, akasema kutoa ni kubaya zaidi, kwa maana hata sababu yake haieleweki. Hugues alijitolea kununua kwa siri. Uthmani akamwambia, bila ukali, kwamba akifanya hivyo atalazimika kuliandika hilo pia.

Adélaïde aliketi kwenye ngazi za ukumbi akalipanga jambo kama alivyozoea, kipande kwa kipande. Vinywaji lazima vifike. Lazima vibebwe na wageni. Wageni hawawezi kutoa kitu. Akasimama, akaenda kumwuliza Népomuscène swali moja: desturi inataka vinywaji vitolewe, au inataka vifike?

Katika maisha yake yote ya kusema, hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Mwishowe akakiri kwamba la muhimu ni vifike, vimebebwa na wageni, na watu wanywe pamoja.

Basi Adélaïde akaenda kwa Uthmani na swali jingine: kanuni zinamkataza mkaguzi kuingia na maji yake mwenyewe, na kuyanywa mwenyewe?

Hazikumkataza.

Saa nane jopo liliingia ukumbini upya, kwa mstari. Mbele Uthmani, na chupa yake ya maji iliyonywewa nusu. Nyuma yake Bahizire, na chupa ya chai iliyojaa kahawa aliyoibeba tangu Bukavu kwa kutoiamini kahawa ya njiani. Mwisho Hugues, mwenye vidonda vya tumbo, na kichupa cha maziwa ya mgando. Wakaviweka mezani. Upande wa chuo nao ulikuwa umebeba kila mtu glasi yake.

Népomuscène alivitazama kwa muda mrefu. Aliichukua ile chupa ya Uthmani, akaifungua, akainusa.

“Maji,” alisema.

“Maji,” Uthmani alikubali.

“Nimepokea vinywaji vya matajiri, nikapokea vya maskini. Vya namna hii, bado.” Akaifunga, akairudisha mahali pake, akawageukia watu. “Lakini wametoka mbali nayo, na wameibeba wenyewe. Nani hapa atasema hawakuleta?”

Makofi yakapigwa, kila mtu akanywa cha kwake, Népomuscène akatangaza kwamba idara ya ukunga ipo, na Uthmani akachapa kitu kifupi ambacho Adélaïde aliweza kukisoma akiwa amesimama nyuma yake: msemaji wa chuo amerekebisha kauli.

Alikuwa amerekebisha, kweli, na sasa hakuweza kukoma. Maktaba ambayo asubuhi ilikataliwa na panya sasa ilikuwa inafuatwa na watu kutoka Ubelgiji. Mwalimu wa mlango alikuwa ameshindaniwa na hospitali za ng'ambo. Wanafunzi wa ukunga walitoka nyuma ya pazia kwa mwendo wa maharusi, polepole, makoti meupe, macho chini, kila mmoja amebeba mwanasesere wa mazoezi mikononi, na mama mmoja wa ofisini akapiga vigelegele. Adélaïde hakujua ni lini walifundishwa mwendo ule.

Uthmani aliinua mkono. Alisema ameshasikia kwamba hakuna kitu, na sasa amesikia kwamba kuna kila kitu, angependa aone. Akatoa utepe wa kupimia.

Wakatawanyika, na kila mkaguzi akafanya kama kwao. Uthmani alipima chumba cha mazoezi, akahesabu vitanda, akatikisa kila kimoja. Bahizire aliketi na walimu akawauliza jambo ambalo wangelibadilisha wao wenyewe kama wangeweza. Kwanza wakajisifu, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kusema kweli, na kweli hiyo ilichukua saa nzima. Hugues hakusema na walimu. Alimnong'oneza Bahizire maswali ya kuwauliza binamu za mkewe, naye Bahizire akayauliza kwa ukali ambao Hugues asingeuthubutu hadi kiama.

Mwanafunzi aliyeitwa Ingrid ndiye aliyeulizwa safari hii. Uthmani alitaka kujua afanye nini kichwa cha mtoto kikishatoka na mabega yakakwama. Ingrid aliita msaada kwa sauti, kana kwamba ni kweli, hata watu wawili wakaingia mbio kutoka nje. Kisha akaonyesha kwa mikono yake mapaja ya mama yanavyokunjwa hadi tumboni na mahali pa kukandamiza juu ya mfupa wa kinena. Hakuharakisha, wala hakubabaika. Uthmani alimwambia asante, na kwa mara ya kwanza siku ile alisahau kuchapa.

Walipokaa tena ukumbini jua lilikuwa limegeukia upande wa ziwa. Uthmani alisema kwa niaba ya jopo kwamba wameona kazi njema na upungufu kadhaa. Vitanda vya mazoezi ni vichache. Vitabu vya uzazi ni vya zamani. Taarifa itaandikwa, itapelekwa sekretarieti, chuo kitatoa maoni, maoni yatajadiliwa, na baraza litakapokutana litatoa uamuzi. Lini, hakuweza kusema.

Rekta alishukuru kwa midomo bila sauti. Viti vilianza kukwaruza. Adélaïde aliiona Oktoba inapita mbele yake kama basi lililojaa.

Alivuka ile njia pana ya katikati, akamwinamia Népomuscène, ambaye alikuwa tayari amekunja miwani yake. “Mzee,” alisema kwa sauti ya chini, “hawajataja siku.”

Népomuscène alimtuliza, akasema siku hutajwa wakirudi mara ya pili.

“Hawatarudi. Watatuma barua.”

Népomuscène alimtazama kama aliyesikia tusi likitolewa kanisani. Kumchukua binti kwa barua? Akaivaa miwani, akasimama.

“Wageni, kaeni kwanza. Binti mumemuona. Mumemupima na kamba mbele ya watu, tukanyamaza. Sasa munaondoka bila kusema siku ya kuja kumuchukua?”

Uthmani alianza kueleza utaratibu.

“Apana, baba. Mutu akimuona binti, akamusifu, akaenda bila siku, hapa kwetu hiyo tunaita dharau.”

“Ni kweli,” alisema Hugues, kwa ile sauti yake ya asubuhi.

“Hata Bukavu,” alisema Bahizire.

Uthmani aliwatazama wenzake. Alifungua kanuni katika kompyuta yake, akazisoma kwa utulivu, mstari kwa mstari, na ukumbi wote ukamngoja. Akasema, kama mtu anayejishangaa, kwamba kanuni zimetaja muda ambao uamuzi hauruhusiwi kuupita. Hazikumkataza mtu kufanya mapema. Akapendekeza mwisho wa Novemba. Népomuscène alicheka kwa adabu, akasema Novemba kuna mvua, binti ataharibika nywele. Uthmani akasema katikati ya Oktoba. Adélaïde alitikisa kichwa kidogo tu, na Népomuscène, ambaye alikuwa amemtazama yeye badala ya mgeni, akasema baba yake binti ana tabia ya kubadili mawazo tarehe ya kwanza ya Oktoba, ni ugonjwa wa ukoo. Rekta aliitikia kwa uso wa mgonjwa.

“Tarehe ishirini Septemba,” alisema Uthmani, akaichapa.

Jibu lilifika tarehe ishirini Septemba, alasiri. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa vipimo, ya pili mazungumzo, ya tatu orodha ya ndugu wa Hugues aliojiepusha nao. Idara iliruhusiwa kuandikisha, kwa masharti: vitanda viongezwe, vitabu vinunuliwe, na maelezo rasmi kwa wakaguzi yatolewe siku zote na mwajiriwa wa chuo. Rekta aliyasoma masharti yote kwa makini. Vitanda aliagiza kwa fundi wa Kamenge. Kuhusu sharti la mwisho, alimpa Népomuscène mkataba wa kazi.

Asubuhi ya kwanza ya uandikishaji, mstari ulifika hadi kwenye geti. Adélaïde alifungua mlango wa chumba cha mazoezi akawaambia wasichana waingie wawili wawili, na wasiegemee vitanda, kwa sababu rangi ilikuwa bado haijakauka.